Ichunguzwe Ikiwa Nzima

Mhadhara kwa mafundi wa sauti, wanafunzi na wapenzi wa sinema, Lubumbashi



Leo nazungumzia kifaa ambacho wengi wenu mmekisikia miaka nenda rudi bila kukiona. Kikiwa kizima hakuna anayekitaja. Kikiharibika, ukumbi mzima hugeuza shingo na kukodolea macho kile kidirisha cha chumba cha projekta. Ni prosesa ya sauti, kisanduku cha chuma kilichokaa kati ya mashine inayocheza filamu na amplifaya zinazosukuma spika. Hupokea sauti ikiwa katika tarakimu, huigawa kwa spika za mbele, za pembeni na za besi, huirekebisha ifae ukumbi ule na si mwingine, kisha huiachia.

Pamoja nacho nitaizungumzia programu ya uchunguzi, ile ambayo fundi huifungua kwenye laptopu yake akiitwa usiku, watu wamekwisha kulipa na mwenye ukumbi anatoka jasho. Hoja yangu ni moja, na naitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Programu hiyo tunaifungua siku isiyo yake. Tunangoja ugonjwa, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake ilipaswa kufanywa mashine ikiwa na afya.

Mtu ataniuliza: Lubumbashi na prosesa za sinema wapi na wapi? Sinema si mgeni hapa. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliwaonyesha wafanyakazi wake filamu tangu enzi ya Mbelgiji, na kila mzee aliyeketi hapa mbele anaweza kunitajia ukumbi aliokuwa akienda Jumapili. Tangu mwaka 2008 tuna biennale ya sanaa iliyoanzishwa na jumuiya ya wasanii iitwayo Picha. Mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim walitoa Machini, filamu fupi ya uhuishaji waliyoitengeneza katika mji huu kwa mawe na chaki. Mwaka 2023 Baloji, mzaliwa wa hapa, alipata tuzo Cannes kwa Augure, filamu aliyoipigia Kinshasa na Lubumbashi. Kazi za namna hii zinastahili kurudi nyumbani na kusikika jinsi watengenezaji walivyokusudia. Atakayehakikisha hilo ni fundi wa hapa, maana hakuna kampuni itakayompandisha mtu ndege kutoka Johannesburg kwa ajili ya onyesho moja la saa mbili usiku.

Halafu kuna umeme. Wetu hutoka kwenye mabwawa ya Katanga yenyewe, Nseke, Nzilo, Mwadingusha, na mwingine husafiri kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700 za waya, kwa njia iliyoanza kazi mwaka 1982. Delestaji, yaani mgao wa umeme, mnaijua kuliko mimi. Kwa prosesa, giza si hatari kubwa sana. Hatari ni ile dakika umeme unaporudi kwa kishindo, friji zote za mtaa zikiamka pamoja. Prosesa ni kompyuta. Umeme ukirudi, kisha ukakatika tena ghafla huku inaandika kumbukumbu yake, inaweza kuamka imesahau ukumbi ilimo. Inaamka, taa ni za kijani, sauti inatoka, lakini inatoka kwa vipimo vya kiwandani.

Nianze na kizazi cha zamani, maana ndicho kinachofundisha vizuri. Mwaka 1992, kwa filamu ya Batman Returns, Dolby walileta sauti ya tarakimu kwenye filamu ya milimita 35. Tarakimu zenyewe walizichapa katikati ya matundu ya ukingoni, yale yanayoshikwa na meno ya projekta. Ukimwambia fundi yeyote achague sehemu ya filamu inayosuguliwa kuliko zote, atakuonyesha hapo hapo. Ila nafasi nyingine karibu yote ilikuwa imekwisha kushikwa. Fremu moja ina matundu manne kila upande, na filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Kwa hiyo kisomeo kilisoma vijiraba 96 kila sekunde, kila kimoja nukta 76 kwa 76. Mwaka 1993 wakaja DTS na Jurassic Park, wao wakaiweka sauti kwenye diski na kuchapa alama za muda tu kwenye filamu. Mwaka huo huo Sony wakaleta SDDS na kuzichukua kingo za nje zote mbili.

Prosesa za Dolby za enzi hiyo, kama CP500 na CP650, zilikuwa na kitu ambacho mpaka leo nakiona ni uchunguzi ulio bora kwa udogo wake: tarakimu moja. Ikiwa ndogo, vijiraba vinasomeka na makosa machache yanasahihishwa bila wewe kujua. Ikipanda hadi 7 au 8, uko ukingoni. Ikitokea herufi F, prosesa imeshindwa kusoma na imerudi kwenye mstari wa analogi ulio kando ya picha. Mtazamaji mwenye sikio hushtuka: sauti iliyokuwa imemzunguka imesinyaa.

Sasa tuseme tarakimu ni 6. Nini kimeharibika? Programu haikwambii. Ikiwa filamu zote za mwezi huu zinasoma 6, twende kwenye kisomeo: lenzi ina vumbi, au taa yake imezeeka, au kimesogea. Ikiwa ni filamu moja tu, nakala hiyo imechakaa. Ikiwa namba hupanda mwanzoni na mwishoni mwa kila reli na kutulia katikati, ni mikono ya watu, maana ncha za reli ndizo zinazoshikwa, kuburutwa na kuangushwa sakafuni. Majibu matatu tofauti kabisa kwa namba ile ile. Anayeweza kuyatenganisha ni yule aliyeandika namba za wiki zilizopita kwenye daftari. Asiye na daftari atafungua mashine nzima, na akishaifungua ataongeza maradhi mengine mawili.

Nakuja kwenye tatizo ambalo naamini limewapotezea mafundi saa nyingi kuliko jingine lolote. Fundi anaunganisha laptopu, anafungua programu, na programu inamwambia prosesa haipo. Anaanza kuhangaika. Prosesa imekufa! Mwenye ukumbi anaambiwa atafute dola za kununua nyingine. Na wakati wote huo, jamani, tangazo linaendelea kusikika ukumbini! Kama sauti inatoka, prosesa iko hai. Kilichokufa ni mazungumzo kati yake na laptopu.

Mazungumzo hayo, katika vizazi vya kati, hupita kwenye tundu la pini tisa. Laptopu za leo hazina tundu hilo, kwa hiyo tunatumia adapta ya USB, na adapta nyingi zinazouzwa kwa bei ya soda zina chipu za bandia ambazo Windows mpya huzikataa kimya kimya. Au adapta ni nzima lakini kompyuta imeipa namba ya mlango ambayo programu ya zamani haiijui. Au programu nyingine, labda ile inayowasha taa na kufungua mapazia, imeushika mlango huo huo. Milango hii haikubali wageni wawili. Au kasi ya kuzungumza upande mmoja hailingani na ya upande wa pili. Au kebo ni ya aina isiyotakiwa: kuna ambazo waya zake huenda moja kwa moja, na kuna ambazo waya mbili hupishana ndani. Kwa nje zinafanana kama mapacha.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Chomoa kebo kwenye prosesa, iache kwenye laptopu. Chukua kipande cha waya wa shaba, na Lubumbashi hatutakosa shaba, uziunganishe pini ya 2 na ya 3 kwenye ncha iliyo huru. Fungua programu yoyote ya kutuma herufi, hakikisha haijionyeshei yenyewe unachoandika, kisha andika herufi A. Herufi ikirudi kwenye skrini, basi laptopu, adapta na nyaya hizo mbili za kebo ni nzima, na sasa una haki ya kuitilia shaka prosesa au namna ilivyounganishwa. Isiporudi, prosesa haina kesi.

Prosesa za siku hizi huzungumza kwa waya wa mtandao, na ugonjwa wake ni ule ule kwa nguo nyingine. Anwani ya laptopu haiko katika familia moja na ya prosesa. Au kinga ya Windows inazuia. Au kijana mmoja ameichomeka prosesa kwenye kisanduku cha Wi-Fi ili apate intaneti ofisini, na kisanduku kimegawa anwani zake chenyewe. Andika anwani ya kila kifaa kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati la mashine. Sizungumzii simu. Nasema karatasi.

Tuseme sasa mazungumzo yanafanyika, programu imefunguka, na kila kitu ni kijani. Lakini watazamaji wanalalamika kwamba waigizaji hawasikiki. Hapa ndipo fundi hujulikana. Katika kumbi za tarakimu, zinazofuata utaratibu wa DCI uliotolewa mara ya kwanza Julai 2005, sauti hutoka kwenye seva ikiwa jozi jozi. Jozi ya kwanza hubeba kushoto na kulia. Ya pili hubeba katikati na besi. Ya tatu hubeba kushoto na kulia kwa spika za kuzunguka. Kila jozi ya chaneli husafiri kwenye jozi moja ya nyaya.

Mazungumzo ya waigizaji karibu yote hutoka spika ya katikati. Yakipotea, usikimbilie spika. Keti, omba kipande cha filamu chenye mlipuko au ngurumo, na sikiliza besi. Besi nayo haipo? Basi vilivyopotea ni abiria wa gari moja: jozi ya pili imekatika, iwe ni plagi iliyolegea, waya uliotafunwa na panya au tundu la prosesa. Besi ipo na inatikisa viti? Jozi ni nzima, tatizo yaelekea ni baada ya prosesa: amplifaya ya katikati, waya wake au spika yenyewe. Mpaka hapo hujagusa bisibisi, na umekwisha kukata nusu ya njia. Taa za programu zingekuonyesha kwamba sauti inaingia, na zingenyamaza kuhusu kinachotoka, kwa sababu prosesa nyingi hazijui kama amplifaya imewashwa. Kijani maana yake ni kwamba mimi niko salama. Haisemi jirani yangu yuko salama.

Mvumo wa umeme nao uko hivyo hivyo. Ile mmm isiyokwisha, chini kabisa, ukiipima itakuwa hezi 50 na vigawe vyake, 100, 150. Ni umeme wa ukutani umeingia kwenye waya wa sauti, mara nyingi kwa sababu projekta na amplifaya zimepata ardhi mahali pawili tofauti, moja kwenye jenereta ya nje na nyingine kwenye nyaya za jengo. Kumbukumbu ya hitilafu ndani ya prosesa itakuwa safi, haina hata mstari mmoja. Mtu anayesoma kumbukumbu hiyo tu ataapa kwamba ukumbi hauna kasoro.

Hapa ndipo inapoingia maikrofoni, na naomba mnivumilie kidogo kwa sababu sehemu hii naipenda.

Prosesa hutoa mvumo wa majaribio, ule wa shaaa, kwa spika moja baada ya nyingine. Maikrofoni inawekwa kwenye viti, kama theluthi mbili ya umbali kutoka kwenye pazia la picha hadi ukuta wa nyuma, na mafundi wazuri hutumia nne na kuchukua wastani. Kila spika ya mbele hupimwa ifike desibeli 85 kidhibiti kikiwa kwenye 7, na kila upande wa kuzunguka desibeli 82. Programu huchora mstari. Mstari huo hautakiwi kunyooka mpaka mwisho. Hunyooka hadi kilohezi 2 na kutoka hapo hushuka desibeli 3 kwa kila oktavo, kama utaratibu wa SMPTE namba 202 unavyoagiza.

Sasa tazameni. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, mji wetu ni vumbi jekundu. Pazia la sinema lina matundu madogo maelfu kwa maelfu, kwa sababu spika za mbele zimesimama nyuma yake. Vumbi huingia kwenye matundu. Ukipima Oktoba utaona sauti za juu zimeshuka kuliko inavyotakiwa: herufi S za waigizaji zimekuwa butu. Programu inakuonyesha mstari ulioinama na papo hapo inakupa vitelezi 27 vya kuurekebisha. Kishawishi ni kikubwa. Unapandisha vitelezi vya kulia, mstari unanyooka, unalipwa, unakwenda zako.

Kabla hujagusa, linganisha spika tatu za mbele. Zikiwa zimepungua zote sawasawa, ni pazia. Tafuta brashi laini na hewa, usafishe. Ikiwa moja peke yake imepungua, spika hiyo inakufa, na ukiipandishia vitelezi unaisukuma kwa nguvu zaidi ife upesi. Katika hali zote mbili kurekebisha kwa programu ni kuficha. Nimeona mipangilio ya kumbi ambayo ukiisoma unaona miaka ya mafundi wakifichiana: huyu kapandisha hapa, yule kashusha pale ili kumfuta wa kwanza, na chini ya yote hayo kuna kiwambo cha spika kilichopasuka ambacho kingebadilishwa asubuhi moja. Mkiniuliza mimi, kitelezi kikipandishwa zaidi ya desibeli 6, programu ingekuwa na adabu ya kumuuliza fundi kama ameamka salama.

Lakini ulinganisho huu wa Oktoba unahitaji mstari wa Aprili. Mstari wa Aprili uko wapi? Kwenye laptopu ya fundi aliyehamia Ndola. Hapa ndipo hoja yangu ilipokuwa ikielekea tangu mwanzo.

Mipangilio yote ya prosesa, yaani viwango, vitelezi, ucheleweshaji wa spika za kuzunguka, majina ya milango, hukusanywa na programu katika faili moja dogo, dogo kuliko picha moja ya simu. Faili hilo ndilo ukumbi. Kisanduku cha chuma kinaweza kununuliwa kingine, kikapita mpaka wa Kasumbalesa na kufika. Ukikipakia faili, baada ya dakika chache kinafanya kazi kama ndugu yake aliyekufa. Bila faili unaanza upya, na kuanza upya ni maikrofoni, ukumbi mtupu, umeme usiokatika kwa saa kadhaa na mtu anayejua. Hivyo vinne havipatikani mara nyingi siku moja.

Kwa hiyo nashauri siku iteuliwe, siku ya kawaida isiyo na onyesho, mashine ikiwa haina neno. Siku hiyo laptopu inaunganishwa, na kama haiunganishiki ndiyo siku njema ya kugundua kwamba adapta ni ya bandia. Faili linahifadhiwa na jina lenye tarehe na namba ya ukumbi, kwenye fleshi mbili, moja ikae kwenye kabati la mashine na nyingine kwa mwenye ukumbi. Kila ukurasa wa programu unapigwa picha, maana faili la programu ya zamani halifunguki kila mara kwenye programu mpya, lakini picha husomwa na yeyote. Toleo la programu nalo linahifadhiwa pamoja na faili. Na ikiwezekana laptopu moja kuukuu yenye tundu la pini tisa isiuzwe wala isipewe mtoto wa kuchezea, ina kazi.

Wenye kumbi watasema fundi huyu anataka kulipwa siku ambayo hakuna kilichoharibika. Ndiyo, anataka. Nanyi mafundi, faili si mali yenu. Najua wapo wanaoondoka nalo au wanaoweka neno la siri ili waitwe tena. Huo si ujanja wa kibiashara, ni kuushika ukumbi wa watu mateka, na siku fundi huyo anapougua au kusafiri, wanaoumia ni watazamaji ambao hata jina lake hawalijui.

Neno kwa wanaotaka kununua prosesa za mkono wa pili, kwa kuwa kumbi za Ulaya na Marekani ziliacha filamu ya milimita 35 kwa wingi katika miaka ya baada ya Avatar ya 2009, na vifaa vingi vikabaki bila kazi. Msimuulize muuzaji bei kwanza. Muulizeni kama anayo programu ya kuipangilia, toleo lipi, na kebo iko wapi. Muulizeni kama neno la siri limefutwa. Mwambieni aiwashe mbele yenu, aizime, aiache imezimwa usiku kucha, aiwashe tena asubuhi, kisha muangalie kama mipangilio iliyokuwepo jana bado ipo, kwa sababu betri ndogo ya ndani ikiwa imekwisha, usiku mmoja unatosha kuifichua. Akikubali yote hayo, ndipo mzungumze dola.

Maswali yenu nayapokea sasa, na aliyekuja na prosesa yake ndani ya begi, nimemwona, ailete hapa mezani.